Mshale Unashuka Tena

Oosterwier, Friesland
18 Oktoba 1993

Rienk,

Salamu. Mimi ni mzima isipokuwa magoti, na magoti tumezoeana miaka ishirini sasa. Wewe sijui u hali gani, maana huandiki. Natumaini unakula, na hilo jua la Singapuri halijakukausha.

Usidhani naandika kwa sababu nimesahau. Sijasahau. Babu yako ana miezi minane kaburini, na wewe tuliyekulea tangu baba yako alipofariki hukuja kumzika. Hilo liweke pembeni, nitalirudia nikipenda. Leo naandika kwa sababu ya boila.

Nyumba ina baridi. Nikiwasha, boila inanguruma kidogo kule darini halafu inanyamaza kama mtu aliyesahau alichotaka kusema. Rejeta za ukutani zinazopitisha maji yake ya moto, ukizigusa ni kama sakafu ya kanisa. Nikapanda darini, ndiyo, kwa ile ngazi, na usinianze, nikaona mshale wa ile geji ya presha umelala kwenye nyekundu. Babu yako kila Oktoba alikuwa anapanda huko na mpira wa maji na ndoo, anakaa nusu saa, anashuka, nyumba inapata joto. Mimi nilidhani anakwenda kuvuta sigara. Miaka arobaini na tisa ya ndoa sikumuuliza. Yeye alikuwa na dari yake, mimi na jiko langu.

Jana shangazi yako Aukje alikuja. Alikunywa kahawa na koti mwilini, makusudi kabisa. Ameandikisha jina langu kwenye nyumba ya wazee mjini Leeuwarden bila kuniuliza, na chumba kitakuwa wazi tarehe mosi Februari. "Mama," ananiambia, "nikija Jumapili ya mwisho ya Januari nikikukuta bado umevaa sweta mbili, unahama." Nikamwambia mimi nyumba hii nitaitoka nimebebwa. Akasema kwa baridi hii haitachukua muda. Ndiye huyo. Ulimi ameutoa kwangu.

Fundi simwiti. Mjane wa fundi bomba amwite fundi bomba kuja kumjazia maji? Wacheke mpaka kijiji cha pili. Durk jirani yuko tayari, lakini Durk akishika spana leo, kesho dukani wote wanajua kuwa Hiltje ameshindwa kujipasha joto. Na usipige simu. Simu ni ya daktari na ya misiba, na masikio yangu hayaisikii. Andika. Andika kwa maneno ya kawaida, mimi shule niliiacha na miaka kumi na moja nikaenda kukamua ng'ombe.

Bibi yako,
Hiltje


Melini, Singapuri
29 Oktoba 1993

Bibi, shikamoo.

Barua yako nimeisoma mara nne, ya kwanza nikiwa nimesimama mlangoni na mikono ina grisi. Mimi ni mzima. Tunafyonza mchanga chini ya bahari na kuumwaga mahali pengine ili pawe nchi kavu. Chumba cha mashine kina joto kama tanuri la mwoka mikate, na nimekaa humo nikiwaza kuwa wewe unatetemeka.

Boila haijafa. Maji kwenye mabomba yamepungua tu, na presha ikishuka sana inajizima yenyewe isije ikaungua. Fanya hivi. Chomoa waya wa umeme, rejeta ziwe zimepoa. Mpira mwekundu unaning'inia kwenye msumari karibu na bomba la moshi. Mwisho mmoja ufunge kwenye bomba la maji pale darini, mwisho wa pili kwenye koki ndogo ya shaba chini ya boila. Fungua koki ya boila, kisha bomba la maji, kidogo kidogo, macho kwenye mshale. Ukifika moja na nusu, funga koki, halafu bomba. Kisha pita kwenye rejeta na ule ufunguo mdogo, utoe hewa mpaka maji yatoke, uanzie za chini. Mshale utakuwa umeshuka kidogo, basi uongeze maji tena.

Ngazi ipande pole pole, na ukipanda usibebe kitu. Vitu vivute kwa kamba.

Kuhusu lile jingine, Bibi, sijui nianzie wapi.

Mjukuu wako,
Rienk


Oosterwier
9 Novemba 1993

Rienk,

Salamu, magoti ni yale yale. Umefika umri wa miaka ishirini na minane na bado unafanya kazi nusu nusu.

Nilifanya kama ulivyoandika, neno kwa neno. Barua nilikuwa nimeibana kwenye kamba ya nguo na kibanio. Mshale ukapanda, nami nikajiona nimekuwa mtu. Nikawasha. Mungu wangu! Nyumba nzima ikaanza kuguruma kama tumbo la ng'ombe aliyevimbiwa. Rejeta ya jikoni inabwabwaja, ya ukumbini inapiga mluzi, na joto hakuna. Durk akachungulia juu ya ua: "Hiltje, kuna nini humo?" Nikamwambia napika supu ya njegere. Akasema, "Hiyo ni njegere au ni mawe?" Nikafunga dirisha.

Nikakaa chini nikajiuliza swali moja: Babu yako ndoo alikuwa anaipeleka ya nini? Wewe kwenye barua yako hujaitaja ndoo hata mara moja. Na Wobbe wangu hakuwa mtu wa kubeba kitu kwa mapambo. Nikaushika ule mpira, nikaona: umejaa hewa! Umeniambia nifunge mpira mtupu halafu nisukume, kwa hiyo nimesukuma mita tatu za upepo ndani ya mabomba ya mume wangu. Nikaufungua, nikaanza upya. Safari hii mpira niliujaza maji kwanza, yakamwagika kwenye ndoo mpaka mapovu yakaisha, ndipo nikaufunga kwenye boila ukiwa unadondosha. Nikaelewa pia kwa nini kila Oktoba alishuka na suruali imelowa. Na mimi nilikuwa nikimgombeza.

Nikatoa hewa kwenye rejeta, nyumba ikapata joto, siku nne nilikaa kwa gauni tu bila sweta. Leo nimepanda tena na mshale umeshuka. Ulikuwa moja na nusu, sasa haujafika moja. Maji yanakwenda wapi? Sakafu ni kavu. Mimi siyanywi.

Bibi yako,
Hiltje


Melini, Singapuri
20 Novemba 1993

Bibi, shikamoo.

Ndoo! Nilipofika kwenye neno hilo nilijipiga kofi la paji la uso mpaka mpishi akaniuliza kama ni mbu. Nisamehe. Babu hakuwahi kuisema, alikuwa anaifanya tu, na mimi nikaandika yale aliyoyasema.

Sasa tutafute. Mambo ni mawili. Kuna mtungi mwekundu ubavuni mwa boila unaopokea maji yanapotanuka kwa moto. Ukiharibika, mshale unaruka juu sana ukiwasha na kuanguka ukizima. Kwa hiyo soma mshale asubuhi kabla ya kuwasha na mchana nyumba ikiwa moto, uniandikie. Kama hauruki, basi kuna mahali panavuja. Chukua karatasi ya chooni, pitia kila rejeta, ipitishe chini ya kila vali na kila nati. Karatasi haina aibu, itakwambia hata tone dogo. Niandikie rejeta moja moja, nisikisie.

Huku mvua inanyesha kila siku saa kumi, nzito na ya moto. Jana nilinusa mkate wa sukari kama wa nyumbani, nikazunguka meli nzima kama mbwa. Haukuwepo.

Mjukuu wako,
Rienk


Oosterwier
1 Desemba 1993

Rienk,

Salamu kutoka kwa bibi yako, ambaye sasa ni fundi wa karatasi ya chooni. Nilitaka kukutumia herufi yako ya chokoleti, R ya jina lako, kwa siku ya Mtakatifu Nikolasi kama kila mwaka. Aukje akasema itafika huko uji. Basi nimeila mimi, na ilikuwa nzuri.

Mshale asubuhi umesimama moja na robo, mchana wa moto moja na nusu. Kuruka hauruki. Ila kila wiki lazima nipande na kuujaza.

Rejeta ni hizi. Jikoni, kavu. Ukumbini, kavu. Chumba cha kukaa, kavu, ila nyuma yake nimekuta kijiko nilichomsingizia mke wa Durk mwaka 1986. Chumbani kwangu, kavu. Chumbani kwako, kavu, na kitanda chako kimetandikwa, usiniulize sababu, kitanda hutandikwa. Bafuni, kavu. Zimeisha.

Jumanne niliteleza kwenye ngazi ya dari, kidato cha tatu kutoka chini. Nina alama ya bluu pajani kama ramani. Aukje asijue. Akijua, hatasubiri hata hiyo Januari. Kwa hiyo fikiri upesi, wewe uliyekula chakula cha Wobbe miaka kumi na nane. Nyumba hii nimeiingia bibi harusi. Sitaki kuitoka kwa sababu ya maji yasiyoonekana.

Bibi yako,
Hiltje


Melini, Singapuri
11 Desemba 1993

Bibi, shikamoo. Pole sana kwa paja. Usipande tena bila viatu vyenye soli ya mpira, nakuomba.

Nimehesabu barua yako mara mbili. Umeandika rejeta sita. Nyumba ina saba. Nazijua, maana nilimshikia Babu taa akizifunga zote. Ya saba iko chumba cha mbele, chini ya dirisha la barabarani. Hujaiandika.

Kuna mtu ameigusa vali yake hivi karibuni? Nauliza kwa sababu vali iliyokaa miaka bila kuzungushwa, ukiizungusha mara moja tu kwa nguvu, uzi wa kuzibia maji uliokakamaa shingoni mwake unakatika, na kutoka hapo inadondosha. Tone moja moja. Likifuata bomba mpaka kwenye tundu la sakafu ya mbao, linaingia uvunguni, na wewe juu huoni kitu.

Ingia uitazame, Bibi. Nadhani ni hiyo.

Mjukuu wako,
Rienk


Oosterwier
20 Desemba 1993

Rienk,

Chumba cha mbele kimefungwa na ufunguo uko mfukoni mwa aproni yangu.

Unauliza nani ameigusa. Mimi. Tarehe 19 Februari. Msimamizi wa maziko alisema marehemu akilala nyumbani siku tano kabla ya kuzikwa lazima chumba kiwe baridi. Gurudumu la vali ya rejeta likagoma, halikuwa limezungushwa tangu lilipowekwa. Nikachukua koleo la Wobbe mwenyewe nikalikaza mpaka likalia. Watu walisimama nyuma yangu na kofia mkononi. Hakuna aliyethubutu kunisaidia.

Siku tano alilala mle. Kila gari lililopunguza mwendo barabarani nilisema ni wewe. Siku ya tano tulimtoa, nikafunga mlango, na sijaufungua tena. Ungekuwepo ungejua, na usingeniuliza.

Hiltje


Melini, Singapuri
29 Desemba 1993

Bibi, shikamoo.

Nimeona ulivyotia sahihi, jina tupu. Sina haki ya kulalamika.

Nitakwambia sasa. Simu ya upepo ya msiba ilifika siku ile ile. Nahodha alinipa ruhusa kabla sijaomba, na tiketi kampuni ilikata. Nilifika uwanja wa ndege. Nilikaa na begi mapajani. Waliita ndege, watu wakasimama, mimi sikusimama. Wakaita jina langu, Bibi, kwa kulikosea, na nikawatazama kama wanaita mtu mwingine. Halafu nikarudi melini, nikamwambia nahodha ndege ilijaa.

Unakumbuka siku niliyoondoka? Wewe ulikuwa ndani unafunga mikate yangu. Babu alikuwa uani. Aliniambia, "Ukienda kwenye hiyo meli, spana zangu usije ukazigusa tena." Nikamjibu, "Spana zako sizitaki, na kijiji chako sikitaki." Hayo ndiyo maneno yangu ya mwisho kwake. Miaka miwili sikuandika kwa sababu sikujua barua ya kuyafuta inaandikwaje. Nikaogopa kuingia chumba kile nikamkuta hawezi kunijibu.

Basi. Unifanye utakavyo. Lakini vali itengeneze, hata kama hutaniandikia tena. Chini ya gurudumu kuna nati ndogo ya shaba. Chukua spana ya kumi na nne, ushike bomba kwa mkono wa pili lisijipinde, uzungushe nati robo tu kuelekea kulia. Ifute, ukae, utazame. Kisha lifungue gurudumu lote mpaka mwisho. Usipoingia, mshale utashuka kila wiki, nawe utapanda kila wiki, mpaka ama ngazi ishinde ama Aukje.

Mjukuu wako, ukikubali,
Rienk


Oosterwier
31 Januari 1994

Rienk,

Salamu. Umesubiri mwezi mzima, najua. Mimi nilisubiri siku tano nikiwa na maiti, kwa hiyo tuseme umepata nafuu.

Kwanza: mjinga wewe. Umekaa uwanja wa ndege na tiketi mkononi! Laiti ungesema meli ilizama ningeelewa haraka zaidi. Nilikasirika wiki mbili. Nilikuwa nikimenya viazi nikawa nagombana na viazi.

Wiki ya tatu mshale ukalala tena kwenye nyekundu, na Aukje alikuwa amebakiza siku kumi na mbili. Nikavaa aproni safi, nikafungua mlango. Kilikuwa kinanuka kama ndani ya jagi lililofunikwa. Maua ya msiba bado yako mezani, ukiyagusa yanakuwa unga. Nikapiga magoti chini ya dirisha, na unajua gharama ya magoti yangu. Zulia kavu. Nikapitisha karatasi ya chooni chini ya nati. Ikalowa.

Shingo yote ya vali ilikuwa na ukoko wa kijani na mweupe, na tone linashuka kwa kufuata bomba na kuingia kwenye tundu la mbao, kimya kimya. Miezi kumi na moja, Rienk. Mimi napanda darini kumwaga maji juu, nayo yanateremka kule chini, mahali nilipokataa kutazama.

Umesema robo. Nikazungusha robo. Ikaendelea. Nikazungusha robo nyingine bila ruhusa yako. Ikaacha. Nikafungua gurudumu mpaka mwisho, nikapanda nikajaza maji, nikawasha, nikarudi kukaa nitazame. Nilikaa kwenye kiti kizuri, kile cha mchungaji akitutembelea, na gauni la nyumbani. Maisha yangu yote sikuwahi kukikalia.

Na kwa kuwa nilikuwa nimekaa, nitakueleza mazishi, mara moja tu. Alivaa suti ya bluu. Durk alimnyoa, akamkata kidogo kidevuni, akalia kwa ajili ya ule mkato kuliko kwa ajili ya msiba. Kucha za Babu yako zilikuwa nyeusi kama kawaida, msimamizi akataka kuzisugua. Nikamwambia ukizigusa nakutoa nje. Alizikwa na kazi yake vidoleni. Watu walijaa mpaka ukumbini, nusu yao aliwawekea joto yeye. Waliniuliza wewe uko wapi. Nikasema meli yako iko mahali ambapo ndege haifiki. Nilimdanganya hadi mchungaji, chini ya paa la Mungu, kwa ajili yako. Upepo ulikuwa mkali makaburini, kofia ya Aukje ikaruka mtaroni. Mimi nikacheka. Niliona vibaya, lakini nilicheka. Halafu tulikunywa kahawa na keki kavu.

Hayo ya spana sitakudanganya. Alikasirika. Mwaka mzima jina lako halikutajwa mezani. Mwaka wa pili akawa anatoka kumpokea mleta barua getini, yeye ambaye hakuwahi kumsalimia. Anaziangalia stempu, ananipa barua, anakwenda karakana. Sikumuuliza. Zaidi ya hapo sijui, na ningejua ningekwambia. Ungeandika hata mistari miwili.

Jana Aukje alikuja. Nikamkalisha chumba cha mbele, hicho cha wageni wakubwa, bila mchungaji, bila maiti. Akakaa na koti dakika tano. Akalivua. Akavua skafu. Akavua na sweta, uso mwekundu. "Nani amekutengenezea, Mama?"

"Mimi."

"Acha utani. Ni Durk?"

"Durk! Durk hajui hata ndoo ni ya nini."

Akapanda darini mwenyewe kuangalia, akakaa huko muda mrefu kwa mtu asiyejua kusoma geji. Aliposhuka alikuwa amefuta pua. Leo asubuhi amepiga simu Leeuwarden kuliondoa jina langu. Nimebaki.

Bibi yako,
Hiltje


Melini, Singapuri
12 Februari 1994

Bibi, shikamoo.

Asante. Nimeisoma nikiwa sitahani peke yangu. Mle ndani kuna watu wengi. Siwezi kuandika zaidi kuhusu hilo, ila sasa najua suti ilikuwa ya bluu.

Nati usiikaze tena. Ule uzi wa ndani umechoka, huenda usimalize baridi nyingine. Mkataba wangu unaisha Agosti. Nitakuja kuifungua vali yote na kukuwekea mpya, kama utaniruhusu kuingia.

Mjukuu wako,
Rienk


Oosterwier
24 Februari 1994

Rienk,

Salamu. Mimi mzima, magoti pia leo yamenyamaza, sijui yanapanga nini.

Vali imeshika. Mshale uko moja na nusu, wiki ya tano sasa. Kila Jumamosi napanda darini na viatu vya soli ya mpira nikauangalie, nao umesimama pale pale kama askari, nami nateremka bila habari ya kukuandikia. Nimekaa na karatasi hii tangu baada ya kifungua kinywa nikitafuta kitu kilichoharibika nikuulize. Nimejaribu mabomba yote. Nimejaribu kengele ya mlangoni. Kila kitu kinafanya kazi.

Agosti boila huwa imezimwa na madirisha yako wazi. Hakuna atakayehitaji joto, na vali ikidondosha wala sitajua. Kwa hiyo usije kwa ajili ya vali, usinidanganye wala usijidanganye.

Njoo hivyo hivyo.

Bibi yako,
Hiltje